Tyubu Niliyoishuku

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kikohozi cha vumbi la chaki kimekuachia, na wanafunzi wako wamepunguza ujeuri kidogo. Sisi hapa hatujambo. Wifi yako mzima, anakusalimu sana. Mama mkwe wangu bado yupo kwetu. Alikuja kupumzisha magoti, magoti yamepona na yeye hajaondoka, lakini hilo usimwambie mtu. Mimi mwilini sina neno, nakula na nalala. Kuna jambo moja tu, nalo ndilo limenishikisha kalamu, kwa sababu ni refu na linataka kuelezwa kwa mpangilio.

Barua yako niliipata. Nilisoma pale ulipoandika kwamba ule wimbo mmoja uliouimba hapa likizo iliyopita umeusikiliza mpaka majirani zako wameukariri, kwamba sijawahi kuitendea sauti yako haki namna ile, na kwamba likizo hii unakuja na nyimbo zako zote tuzirekodi. Nilifurahi. Halafu nikaisoma tena ile sehemu nikaingiwa na shaka. Unanijua nilivyo. Mtu akinisifu mara moja namshukuru, akirudia najiuliza anataka nini. Safari hii shaka yangu ilikuwa na sababu, na ni haki yako kuzijua kabla hujafunga begi.

Chumba cha kurekodia unakikumbuka. Kilikuwa stoo ya masufuria na baiskeli mbovu, nikakigeuza. Ukutani kuna magodoro chakavu na trei za mayai, dirisha nimeliziba kwa blanketi, na mlango ukifungwa unajisikia unavyomeza mate. Kazi tumegawana kama ulivyoona. Mimi narekodi na kuchanganya sauti, wifi yako anapokea wateja, na kazi ikikamilika yeye ndiye anayewatumia. Wateja ni wale wale: kwaya, vijana wanaotaka kuwa nyota kabla ya Ijumaa, na yule jamaa tunayemwita Mtangazaji, anayesoma matangazo ya maduka kwenye redio kwa sauti nzito kama lori la mchanga linalopanda mlima.

Sasa, kati ya maikrofoni na kompyuta kuna kifaa kinaitwa priampu. Sauti ikitoka kwenye maikrofoni huwa dhaifu sana, priampu ndiyo inaipandisha mpaka kompyuta iweze kuipokea. Nilikuwa na ya kawaida, haina mbwembwe. Lakini vijana wakaanza kuniuliza kama nina priampu ya tyubu, ile yenye kichupa cha kioo ndani kama redio ya babu, kwa sababu wamesoma mitandaoni kwamba tyubu inaipa sauti joto. Wakisema joto wanamaanisha sauti inakuwa nene na laini, kama mtu anayekuimbia amekaa jirani yako. Priampu za tyubu zenye sifa hasa, ili uzinunue itabidi uuze nyumba. Za bei poa zipo pia, nami nikaagiza moja.

Ilikuja ndogo, ya kubeba kwa mkono mmoja. Mbele ina kidirisha cha plastiki, na nyuma ya kidirisha tyubu inawaka rangi ya machungwa. Nilipoiwasha mara ya kwanza nilizima taa ya chumba nikakaa naitazama. Wifi yako akapita akasema hata yeye siku ya harusi hakutazamwa hivyo. Nikamrekodi Mtangazaji akisoma tangazo la magodoro, na nikalisikia lile joto. Angalau nilidhani nimelisikia.

Ningeishia hapo ningekuwa nalala usingizi wangu. Lakini machale yakanicheza. Ile rangi ilikuwa inawaka papo hapo ukibonyeza, wakati redio ya babu tulikuwa tunaisubiri ipate moto mpaka taarifa ya habari inakaribia kwisha. Nikachukua bisibisi nikaifungua. Mdogo wangu, nyuma ya tyubu kulikuwa na kitaa kidogo, kama vile vya kwenye midoli ya watoto, kimegundishwa pale kuimulika tyubu ionekane inawaka! Tyubu ilikuwepo, na ukiigusa ilikuwa na uvuguvugu kwa mbali, ila ule mng'ao wote niliokuwa naukodolea macho ulikuwa wa kitaa. Nikaona nimepigwa changa la macho. Kifaa kilichonidanganya kwa mwanga ningekiaminije kwa sauti? Nikakifunga nikaendelea kukitumia, lakini tangu siku hiyo nilikuwa nakiangalia kwa jicho la pembeni.

Na kweli, haikuchukua muda sauti zikaanza kufunikwa. Sijui nikuelezeje. Kwaya ikiimba nilikuwa nasikia wingi wa sauti lakini sisikii ncha za maneno. "S" na "f" zilikuwa zinapotea, kama vile waimbaji wote wameng'olewa meno ya mbele. Nikairudisha priampu yangu ya zamani, sauti ikawa ile ile, imefunikwa. Mtu mwingine angejiuliza hapo. Mimi nikaamua kwamba hiki kijisanduku cha tyubu kimeiharibu na kompyuta. Ikabidi kila kazi niiongezee trebo, yaani zile sauti nyembamba za juu, nikiongeza leo, kesho naona haitoshi, naongeza tena.

Nikaipeleka kwa Fundi Waya. Huyu ni fundi redio wa hapa karibu, mtu mpole, meza yake imejaa matumbo ya redio za watu na chumba kizima kinanuka risasi ya kuchomelea. Wifi yako tulikwenda naye kwa kuwa alikuwa na pasi ya kutengenezwa. Fundi akavaa hedifoni, akaigonga tyubu taratibu kwa penseli, akasikiliza, akasema tyubu ni nzima kabisa. Nikamwambia haiwezi kuwa nzima. Akasema sawa, akatoa nyingine kwenye droo akaichomeka, na ile yangu akaifunga kwenye kitambaa akaiweka kwenye hiyo hiyo droo. Hilo nililiona na nikaliweka akilini. Akanipa hedifoni, nikasikiliza, bado imefunikwa, nikamwambia hivyo. Yeye akasikiliza tena, akanitazama mimi, halafu akageuka kutafuta kitu kwenye rafu. Alipogeuka tena kwetu hakuwa na kitu mkononi. Akamtazama wifi yako, na wifi yako akatazama chini.

Ule mtazamo nao nikauweka akilini. Njiani nikamuuliza wifi yako fundi alikuwa na maana gani, akasema mambo ya pasi. Mtu hatazamani na mke wa mwenzake namna ile kwa ajili ya pasi.

Kuanzia hapo nyumba yangu ikawa si yangu. Nikiingia sebuleni, wifi yako na mama yake wanapunguza televisheni, halafu wanazungumza kwa kunong'ona. Nikiuliza wanasema nini, wifi yako anarudia kwa sauti kubwa ya kulazimisha, kama mtu anayesema kitu kingine badala ya kile alichokisema kwanza. Mezani mama mkwe anatoa mzaha, wote wanacheka, mimi nabaki na kijiko hewani. Nilijua kuna njama. Siku moja nikamkuta Fundi Waya amesimama na wifi yako getini. Waliponiona wakanyamaza, na fundi akaanza kuuliza habari za mvua. Mvua yenyewe haikuwa imenyesha wala haikuwa na mpango huo.

Halafu kuna siku nilikuwa kwa kinyozi, shingo imefungwa shuka, redio ikapiga tangazo la Mtangazaji, lile la magodoro, ambalo nililirekodi upya na kulichanganya kwa mikono yangu. Nikasikia si kazi yangu. Trebo yote niliyoipandisha haikuwepo. Nilitoka pale nimenyolewa upande mmoja vizuri na mwingine hivi hivi. Kufika nyumbani nikafungua kompyuta, nikakuta faili limehifadhiwa upya baada ya mimi kutoka. Kwaya nayo hivyo hivyo. Kila kazi, kuna mkono ulipita baada ya wangu.

Nikatega mtego. Nilichukua rangi ya kucha ya wifi yako nikaweka nukta ndogo kwenye nobu ya priampu, ile ya kuzungusha kuongeza sauti, na nyingine kwenye bati sambamba nayo. Nikaaga kwamba nakwenda kununua waya. Nikazunguka mitaani, nikarudi. Nukta hazikuwa pamoja tena. Wifi yako alikuwa jikoni anakatakata vitunguu kama malaika.

Dada, niliumia. Siwezi kukuandikia yote niliyoyafikiria kuhusu mke wangu na yule fundi, nikiyasoma hapa karatasini nitaona aibu. Toleo jepesi kabisa la fikra zangu lilikuwa hivi: fundi amechukua tyubu yangu nzuri akanipa mbovu, anataka kufungua studio yake, na wifi yako anamsaidia kuharibu kazi zangu taratibu ili wateja wanikimbie kwa hiari yao. Toleo zito moyo wangu ulilibeba peke yake, na nilikuwa nalala nalo kitanda kimoja na yule niliyekuwa namshuku.

Nikaamua kuwaumbua. Nilimwendea Fundi Waya nikamtaka anirudishie tyubu yangu. Akafungua droo, akanipa ikiwa bado kwenye kitambaa, bila neno. Mtu mwenye haki yake angalau angeuliza kwa nini, nikajisemea, na shaka ikazidi. Nikamwambia aje kwangu Jumamosi asubuhi, nina jambo la kumsikilizisha. Mtangazaji nikamwita mapema zaidi, nikamrekodi akisoma tangazo lile lile mara tatu: mara ya kwanza kwa tyubu yangu ya zamani, ya pili kwa ile aliyonipa fundi, ya tatu kwa priampu isiyo na tyubu kabisa. Nobu niliizungusha mpaka mwisho, na trebo nikaifungulia yote, ili kila kasoro ijitokeze hadharani. Mpangilio niliujua mimi tu. Mpango wangu ulikuwa huu: tyubu ya fundi itasikika imefunikwa kuliko zote, kila mtu atakiri kwa mdomo wake, halafu nitawauliza mbele ya Mtangazaji nani ameleta ubovu ule nyumbani kwangu, na nani anaufunika.

Basi wakaja. Chumba kile kwa watu wanne ni kidogo. Fundi nilimkalisha kwenye kigoda, Mtangazaji kwenye ndoo iliyopinduliwa, wifi yako akasimama mlangoni. Mimi kwenye kiti changu, mgongo umenyooka kama hakimu. Nikapiga ya kwanza. Wakaitikia kwa vichwa, Mtangazaji akasema kali kidogo lakini sawa. Nikapiga ya pili.

Mtangazaji, mwanaume wa kilo mia, akajiziba masikio kwa viganja vyote viwili. Fundi akafumba macho na kukunja uso mzima. Wifi yako akainama kama aliyepigwa. Mimi nikawatazama. Kwenye spika nilichokuwa nakisikia ni Mtangazaji akisema magodoro yetu yana ubora, basi, imefunikwa kama kawaida. Nikasema moyoni, kumbe mmefanya na mazoezi. Wote watatu kwa pamoja! Nikakunja nne nikaacha iendelee kupiga, nikitaka nione wataigiza mpaka lini.

Mlango ukasukumwa. Mama mkwe akaingia, mkono mmoja kwenye goti, uso umevimba kwa hasira. Akauliza kwani sisi humu ndani tumekuwa mawe, birika linapiga mluzi jikoni mpaka linataka kumpasua kichwa kule chumbani kwake, na hakuna hata mmoja mwenye miguu ya kwenda kulizima.

Mama mkwe hakujua habari ya mtihani wangu. Hakuwa ameitwa, hakuwa ameambiwa, na mwanamke yule akiwa na siri hafiki nayo mlangoni. Nikanyanyuka, nikampita, nikaenda jikoni mwenyewe. Birika lilikuwa juu ya jiko. Jiko lilikuwa limezimwa. Nikaliwekea kiganja, lilikuwa baridi. Nikalifunua, halikuwa na maji hata tone. Nilisimama pale nimelishika lile birika, na ndipo nikaelewa kwamba kulikuwa na mluzi nyumbani kwangu uliokuwa unawatesa watu wote, na mimi nilikuwa sisikii kitu.

Niliporudi wifi yako alikuwa ameizima ile rekodi. Mama mkwe na Mtangazaji walikuwa wametoka. Nikamwomba apige tena. Akasita, akapiga. Nikasogeza sikio mpaka likagusa kitambaa cha spika. Nilihisi mtekenyo tu wa hewa. Yeye akanionyesha kwenye skrini, juu kabisa, mstari mwembamba ulionyooka toka mwanzo mpaka mwisho wa tangazo. Fundi akaeleza, kwa upole ule ule, kwamba tyubu ya bei poa ukiipandisha mpaka mwisho wakati mwingine inapiga mluzi, na hiyo aliyonipa ni ya akiba, hakutegemea mtu aifungulie kiasi kile. Akasema pia kwamba siku ile karakanani kwake, alipogeuka kwenye rafu, hakuwa anatafuta kitu. Alikuwa ananiuliza maswali kwa sauti ndogo nikiwa sioni mdomo wake, na sikujibu hata moja.

Sitakuficha, nilichokisikia kwanza ni hasira. Niliwaambia wamenifanya mtoto. Fundi akaomba ruhusa akaondoka, na wifi yako akafunga mlango, akakaa kwenye ile ndoo, akanieleza yote. Kumbe wateja walikuwa wameanza kurudisha kazi kimya kimya, wakisema zinakwaruza masikio. Kwanza alidhani ni spika. Halafu akaona namna ninavyoongeza trebo kila wiki, akaona ninavyomtazama mtu mdomoni anapoongea. Akaanza kuingia humu nikitoka, anapunguza trebo, anaweka sawa, ndipo anawatumia. Amejifunza mwenyewe, kwa kunitazama miaka yote hii. Nobu aliigusa siku ile kwa sababu niliiacha juu mno na kuna mteja alikuwa anakuja. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia mara mbili. Mara ya kwanza nilimuuliza ametumwa na nani. Mara ya pili sikumsikia, naye hakupata moyo wa kurudia.

Tukaenda hospitali. Kule waliniingiza kwenye kichumba kidogo kilichofungwa pande zote, kuta laini kama zetu za magodoro, wakanivika hedifoni na kunipa kitufe nibonyeze kila nikisikia mlio. Nesi alikaa upande wa pili wa kioo, yeye ndiye mwenye nobu. Mwanzoni nilibonyeza vizuri. Halafu kukawa kimya, kimya kirefu, nikaona nesi anaandika tu na kugusagusa vitu, nikamshuku kwamba ameacha kupiga milio anajaza karatasi zake. Nikamgongea kioo nikamwambia tuendelee. Akanijibu kwa ishara kwamba tulikuwa tunaendelea, tena alikuwa ameshafika mbali.

Daktari alisema masikio yote mawili yamepoteza sauti za juu, hazitarudi, na huenda ni hedifoni za sauti kubwa za miaka mingi. Kuna vifaa vya kuvaa masikioni, nimeshapimwa, vitanisaidia kuongea na watu. Nilipomuuliza kama vitaniwezesha kuchanganya muziki alinijibu kwa maneno mengi mazuri, na jibu lenyewe lilikuwa hapana. Nililia kwenye gari, dada. Wifi yako aliegesha pembeni tukakaa mpaka nikamaliza.

Fundi Waya nimemwomba radhi. Amesema yamekwisha, na ameitengeneza priampu yangu, tyubu yangu imerudi mahali pake. Nimemwambia akitoe kile kitaa cha machungwa. Akasema nikiache, wateja wanakipenda. Tumekiacha.

Sasa nifike kwenye jambo lako. Zile sifa ulizonipa kwenye barua si zangu. Wimbo wako nilivyouacha mimi ulikuwa unakwaruza kama kijiko kwenye sufuria. Wifi yako aliukalia siku nzima nilipokuwa nimekwenda msibani, akaurudisha, na hicho unachokisikiliza na majirani zako ni kazi ya mikono yake. Ukija likizo, yeye ndiye atakayekaa kwenye kile kiti. Mimi nitakufungia maikrofoni, nitavuta nyaya, nitakuambia usimame wapi na uache kuisogelea maiki unapopandisha. Kama utaona ni bora uende studio nyingine sitakulaumu, ingawa nakuambia kama mtu wa kazi kwamba hutapata masikio mazuri kuliko ya wifi yako.

Na kuna jingine, limenikaa zaidi ya hayo yote. Wifi yako ananiambia kwamba mwishoni mwa wimbo ule, baada ya neno la mwisho, gitaa likiwa linafifia, wewe ulinong'ona kitu. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yako, ningenyoosha mkono ningekugusa, hedifoni kichwani. Nilikuona midomo inacheza nikadhani unailamba imekauka. Kwenye kompyuta nikaona kimebaki kidude kidogo baada ya wimbo. Nikakipiga, nikasikia kimya. Nikasema huo ni uchafu wa ile priampu, nikaukata nikautupa. Wifi yako ndiye aliyeuokota na kuurudisha. Kwa hiyo majirani zako wanajua ulisema nini. Mtangazaji anajua. Mama mkwe anajua, tena anasema ni maneno mazuri na macho yake yanalowa akiyafikia. Mimi ambaye ulikuwa unanitazama usoni ukiyasema ndiye sijui.

Wifi yako alitaka kuniambia, nikamkataza. Na hapa usije ukafikiri ni shaka zangu. Sitaki tu kuyapokea kwa mtu mwingine. Kwa hiyo ukifika, kabla ya nyimbo, hata kabla ya kuweka begi chini, kaa mbele yangu penye mwanga niuone mdomo wako, uyaseme tena. Usinong'one, mdogo wangu. Yaseme kwa ile sauti unayowagombezea wanafunzi, majirani wa huku nao wayasikie. Nikishayapata nitakwenda kwa mama mkwe aniambie aliyoyasikia yeye, nione kama mnalingana.

Wifi yako anasema usisumbuke kubeba zawadi, mama yake anasema beba. Wasalimie walimu wenzako wote, na wale majirani waliokariri wimbo waambie nawashukuru. Tunza koo lako, na tujulishe siku ya kufika ili nije stendi, ila utakaponiona kwa mbali usiniite kwa nyuma. Njoo mbele nikuone.

Ni mimi, kaka yako akupendaye.